Idjwi: kupumzika ni haki, kufika muzima pia

Sisi wafanyakazi wa mgodi tunajua makelele. Mashine inalia usiku na muchana, na hata siku ya konje masikio yangali yanalia. Kwa hiyo, wakati tulifungua likelemba ya sendika, watu kumi na wawili tulikubaliana: Desemba hii twende Idjwi, siku ine.

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, ni ya pili kwa ukubwa, nyuma ya Ukerewe ya Tanzania. Barabara ni za udongo, manyumba mingi haina umeme. Watu wanalima muhogo, kahawa na mananasi. Usiku, taa za wavuvi wa sambaza zinawaka juu ya maji. Ziwa haina mamba wala kiboko.

Wamoja wetu waliuliza: "Kule hakuna otele kubwa, tutafanya nini?" Tukawajibu: hatuendi kutafuta Bukavu ingine. Tutalala kwa wenyeji, tutalipa mama mwenye kupika, muziki wetu tutaacha nyumbani. Na kwanza tutasalimia wenye inchi: kaskazini ni Rubenga, kusini ni Ntambuka.

Shida iko kwa boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti yenye kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, kule Goma, watu wakiiona toka pembeni. Ilijaa kupita kipimo. Barabara ilikuwa imefungwa juu ya vita, abiria hawakuwa na njia ingine. Sisi tunaweza kungoja.

Basi tumeandika sheria tatu. Kila mutu na jile yake ya kuelea. Kuondoka asubuhi, usiku hapana. Na boti ikijaa kupita kipimo, tunashuka wote, hata kama tiketi imelipwa. Mugodini tulijifunza hii: mumoja akikataa kuingia shimo mbaya, patro anamufukuza, wote wakikataa, analeta miti ya kutegemeza.

Lakini mwenzetu mumoja akauliza: "Na ba mama wa Idjwi, wenye kupanda boti ile kila siku ya soko? Bao watashuka waende wapi?" Hatukuwa na jibu. Tumeiandika namba moja kwa mkutano wa Januari. Kwa sasa, mwenye kuwa na jile ya zamani ailete kwa biro ya sendika. Tukirudi, zitabakia kule.