Tijara ya Elimu ya Mtandaoni na Kalenda ya Korosho

Mtu apitaye katika barabara kuu ya Newala au ya Masasi baina ya Juni na Septemba hana haja ya kuuliza ni wapi elimu ya mtandaoni inakouzwa, kwani aghalabu huuzwa ndani ya chumba chembamba chenye kompyuta mbili tatu, mashine ya kudurufu, skana, na jenereta ndogo nje ya mlango kwa ajili ya saa ambazo umeme wa Mtwara, ingawa wazalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay iliyo jirani, haufiki. Wenyeji huiita steshenari. Wakubwa wa tijara hii wako Dar es Salaam. Lakini faida na hasara yake katika nyanda hizi za Makonde hupimwa papa hapa, juu ya kaunta.

Masomo yenyewe yamekuwa rahisi, na mengine hayana bei kabisa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni; Shule Direct, iliyoasisiwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, hutoa masomo ya sekondari; Ubongo Kids imekuwa ikifundisha watoto hisabati kwa katuni tangu 2014. Shule zilipofungwa nchi nzima Machi 2020 kwa sababu ya korona, ilidhihirika kwamba kuwapo kwa somo ni jambo moja na kulifikia ni jambo jingine. Wala hili si jipya: elimu ya darasani ilipofika Masasi mwaka 1876, pamoja na msafara wa Askofu Edward Steere uliotoka Unguja, karatasi zilipandishwa bara kwa vichwa vya wapagazi. Leo ujira wa wapagazi hao unalipwa kwa kampuni ya simu, na jina lake ni bando. Ndiyo sababu kijana wa steshenari mwenye akili ya biashara hupakua mitihani iliyopita na notsi mara moja, kwa bando moja, kisha akazihamishia kwenye kadi za kumbukumbu za simu za wanafunzi ishirini kwa ijara ndogo. Wenye hakimiliki huenda wasipendezwe, lakini sijaona njia nyingine ya usambazaji iliyo rahisi kuliko hiyo katika nyanda hizi.

Hata hivyo, mapato makubwa ya steshenari hayatokani na masomo, bali na maombi. Kijana wa Mkunya, huko Newala, aliyemaliza kidato cha sita na kutaka mkopo wa chuo kikuu hana budi kuingia katika mfumo wa Bodi ya Mikopo kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ahakikishe kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili, apate namba ya malipo na kulipa ada ya shilingi 30,000 kwa simu, achapishe fomu, aipeleke kwa kiongozi wa serikali ya kijiji na kwa hakimu au wakili ili itiwe saini na muhuri, apate saini ya mdhamini, kisha airudishe dukani ipigwe skana na kupandishwa tena mtandaoni. Kila hatua ina bei yake, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi huzidi mara nyingine ijara ya mwenye duka. Yeye naye, mwenye duka, ni zaidi ya mchapaji: ni mshauri, katibu na mtunza siri za watu, kwani nywila za nusu ya mtaa zimo katika daftari lake, jambo ambalo lingepaswa kututia hofu kuliko linavyotutia.

Mteja aliye imara kuliko wote ni mwalimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, kina kituo Mtwara, na mwalimu anayejiendeleza bila kuacha kazi hulipa mwezi hadi mwezi, kwa sababu mshahara wake ni wa mwezi hadi mwezi.

Mkulima hana mwezi, ana msimu. Minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na tangu msimu wa 2024/2025 imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambapo bei katika minada ya mwanzo ya msimu huo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Fedha hizo humkuta mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari katika hali njema. Lakini madirisha ya mkopo na ya udahili wa vyuo hufunguliwa na kufungwa katika miezi ya kiangazi, wakati mikorosho iko katika maua na mfuko wa baba ni mtupu. Hapo ndipo kangomba anapobisha hodi, yule mnunuzi wa magendo alipaye leo kwa korosho zitakazovunwa kesho. Kwa bei hiyo ya mnada ya shilingi 4,000, kabla ya makato, ada ya 30,000 ni kilo saba na nusu. Kangomba akitoa nusu ya bei hiyo, ni kilo kumi na tano, na bado hajalipwa mwenye skana.

Vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, vina dawa karibu na mkono. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, kila gunia la mwanachama lina kumbukumbu. Wakulima wamesajiliwa, na salfa ya kupulizia mikorosho hugawiwa kwa orodha kabla ya msimu. Chama kiwezacho kugawa salfa kwa orodha kinaweza kumkopesha mzazi ada ya maombi, ikakatwa katika mauzo yake ya kwanza. Kikwazo ni hesabu ya hasara: maua yakipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, au mvua ikija isipotakiwa, ni nani atakayelibeba deni? Swali hilo ni la mkutano mkuu wa wanachama, ule unaokaa kabla ya msimu, wakati ajenda zingali salfa na magunia.