Sikiliza Kabla ya Kusukuma

Alfajiri ya mwezi Juni au Julai mjini Mbinga ina sauti zake. Jogoo huwika, kengele ya kanisa hulia, na mahali fulani pikapu hukataa kuwaka. Hapo hujitokeza vijana wanne, gari husukumwa hadi kwenye mteremko, dereva huachia klachi, injini hushtuka na safari huanza. Umatengo ni nchi ya milima, na si ajabu kukuta gari limeegeshwa pua ikielekea bondeni, kana kwamba mteremko nao ni kipuri.

Desturi hii inatugharimu. Gari linalokataa kuwaka huwa limekwisha kuutaja ugonjwa wake kwa sauti, lakini sisi tunaifunika sauti hiyo kwa kelele za kusukuma.

Sauti inayosikika zaidi ni ile ya tatatata ya haraka, kama cherehani. Stata hula umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote garini. Ya dizeli yaweza kuvuta zaidi ya amperi 200. Betri ikiwa dhaifu, sumaku ya stata huvuta, volti huanguka kwa uzito wa mzigo, sumaku huachia, volti hupanda, nayo huvuta tena. Huo ndio mlio unaousikia. Basi ugonjwa ni betri, au vichwa vyake vimelegea na kuota ule unga mweupe. Fungua upande wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kaza kwa spana namba 10, ujaribu tena. Wangapi wamenunua betri mpya kwa sababu ya unga huo!

Kuna jambo ambalo madereva wa kwetu hulishangaa. Pikapu inashinda wiki nzima Mbamba Bay inawaka vizuri, inapanda Mbinga na dagaa, inalala usiku mmoja, asubuhi imekufa. Wanailaumu baridi. Baridi ina hatia, maana hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito, lakini mwuaji hasa ni joto la pwani ya ziwa. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga imepita mita 1,000. Joto la huko chini huila betri taratibu kwa miezi mingi, na baridi ya huku juu huja tu kutoa taarifa ya msiba.

Sauti ya pili ni TAK! moja nzito, kisha kimya. Washa taa kubwa, jaribu tena, na mtu asimame kando akizitazama. Zikififia karibu kuzimika, rudi kwenye betri na nyaya zake. Zikiendelea kung'aa, umeme hauvuki kwenda kwenye mota ya stata. Katika stata nyingi za Toyota sababu ni vipande viwili vidogo vya shaba vilivyolika ndani, na hivyo hubadilishwa peke yake. Hapa ndipo wengi wanapoliwa fedha. Fundi anayetangaza kwamba stata nzima imekufa kabla hajafungua boneti, mwulize habari za shaba hizo.

Stata ikizunguka kwa mlio mwembamba huku injini imelala, kigia chake, ambacho mafundi hukiita bendiksi, hakishiki. Ikisaga kama jiwe juu ya chuma, meno yameharibika; usiendelee, usije ukayamaliza na ya flaiwili, maana hapo itabidi gia boksi ishushwe.

Dizeli kugonga kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida, hasa kama hukuzipa plagi za hita muda wa kupasha. Mlio wa tapeti unaotoweka baada ya sekunde chache nao si neno. Oili ilikuwa imeshuka, sasa imepanda. Lakini mgongo mzito wa chini unaoendelea, na taa ya oili haizimiki, zima injini hapo hapo. Dakika chache zaidi na injini inanoki.

Kwa wale wa Liuli na Lituhi wanaovuka mito wakati wa masika: gari likizimika majini, nalo ukiliwasha likapiga DUU! moja na kugoma, huenda maji yameingia kwenye silinda. Maji hayashindiliki. Ukilazimisha kwa stata, au ukisukuma, kinachopinda ni konrodi. Toa kwanza nozeli, au plagi kwa gari la petroli, injini izungushwe iyateme.

Na mteremko wenyewe? Injini ikiwa imezima, usukani wa pawa huwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Sasa fikiria lami inayoshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, injini imekataa kushika, nyuma kuna magunia ya kahawa, na juu ya magunia kuna mama anayepelekwa kujifungua. Kama kusukuma hakuepukiki, gari lisukumwe mahali pa tambarare, ufunguo uwe kwenye swichi ili usukani usijifunge, na abiria wote wawe wameshuka.