Gunia la Ubuyu Halina Kwao

Mnunuzi wa mchele Kariakoo hakosi kuuliza umetoka wapi. Kyela, Mbarali au Kahama: jina la mahali ndilo linalopandisha bei, na muuzaji mwongo huumbuka siku wali unapoiva. Vitunguu navyo vina Singida yao. Ubuyu hupimwa bila swali hilo. Mteja huchovya kidole, huonja uchachu, hutazama weupe wa unga, kisha mapatano huanza. Hata ule mwekundu wa vifuko uitwao wa Zanzibar, sifa yake ni ya mapishi: sukari, rangi, hiliki, pilipili kwa mbali. Mbuyu uliouzaa huenda umesimama Dodoma au Iringa, na hakuna anayejali.

Kibiashara hiyo ni fedha inayoachwa mezani kwa wengine, maana mibuyu haifanani. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mibuyu ya kusini mashariki mwa Kenya. Waliikuta imegawanyika makundi mawili: ya pwani mbali, ya bara mbali. Mbuyu hauna habari na mpaka wa Namanga, nami sioni sababu ya kudhani kwamba ule wa Bagamoyo na ule wa Mtera ni ndugu wa karibu zaidi. Tofauti zimewachanganya hata wataalamu. Mwaka 2012 wengine walitangaza kwamba mibuyu ya miinuko ni spishi ya pekee, wakaiita Adansonia kilima. Mwaka 2016 wenzao wakaipinga hoja hiyo.

Kwa mfanyabiashara, yenye uzito ni mambo mawili. La kwanza ni vitamini C. Vipimo vilivyochapishwa hupishana sana: unga mmoja huwa na chini ya miligramu 100 katika gramu 100, mwingine hukaribia 500. La pili ni uzao. Huko Venda, Afrika Kusini, ilionekana kwamba mibuyu mingi mikubwa haifikishi matunda matano kwa mwaka, wakati jirani yake hujaza magunia. Wanakijiji huiita hiyo mibuyu dume, ingawa ua la mbuyu lina sehemu zote mbili.

Si kila tofauti ni ya damu. Udongo na mvua vina mchango wao, na unga uliokaa ghalani penye unyevu hupoteza ubora hata ungetoka kwenye mti bora kuliko yote. Kwa hiyo ulimi wa mnunuzi wa Kariakoo si wa kudharauliwa. Ila mnunuzi wa ng'ambo haonji. Anataka cheti cha maabara. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuingia sokoni kama chakula mwaka 2008, Marekani ikafuata 2009. Gunia lililochanganywa matunda ya kata tano litatoa majibu tofauti kila shehena, na mnunuzi wa namna hiyo harudi mara ya tatu.

Mchanganyiko huo hautokei Dar es Salaam. Hutokea mapema, pale mkusanyaji wa kijijini anapomimina debe la huyu juu ya la yule kabla lori halijafika. Likishashushwa Kariakoo, hakuna wa kulitenganisha.

Kupanda ni kazi nyingine. Mche wa mbegu haurithi mti mama kikamilifu, kwani popo huleta chavua za mibuyu mingine usiku. Anayetaka uchachu uleule hana budi kubebesha kikonyo cha mti aliouchagua, kama wafanyavyo wauza miche ya maembe, na kwa njia hiyo hungoja miaka michache badala ya kumwachia mjukuu. Nchi hii inaijua kazi ya kulinganisha asili za miti: Longuza, wilayani Muheza, mitiki ya mbegu kutoka sehemu mbalimbali ilipandwa pamoja miaka ya 1960, na matokeo ya miaka 17 yakachapishwa 1988. Mbuyu unastahili shamba kama hilo.

Hadi shamba hilo lipatikane, kuandika jina la kijiji kwenye gunia kunahitaji kalamu ya wino mzito tu. Kilicho kigumu ni kumpata dalali atakayemlipa mkusanyaji nyongeza kwa ajili ya maandishi hayo.