Kabati la Kufugia Nyoka Katika Nchi ya Baridi: Mfano wa Tukuyu

Nyoka akionekana uani, kinachotafutwa kwanza ni fimbo. Hata hivyo, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na baadhi yao, kama yule mdogo wa rangi ya kahawia aingiaye majumbani usiku kuwinda panya, humsaidia mkulima. Mwalimu wa bayolojia anayetaka wanafunzi wake wauone ukweli huo kwa macho yao hana budi awe na mahali pa kumweka mnyama huyo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kutengeneza kabati la kazi hiyo, na hasa jinsi ya kulifanya lifae katika hali ya hewa ya Tukuyu.

Kabla ya kushika msumeno, sheria ifuatwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, haifai mtu kukamata au kufuga mnyama wa porini bila kibali. Basi kibali kitangulie, kabati lifuate.

Kwa nini baridi ni adui

Mwili wa binadamu hujitengenezea joto lake wenyewe. Nyoka hana uwezo wa kutosha wa namna hiyo. Joto la mwili wake hutegemea joto la mahali alipo. Akihitaji joto hujianika juani, akizidiwa hujificha kivulini. Joto likipungua mno, kazi ya tumbo lake huzorota, na panya aliyemezwa huweza kuozea tumboni kabla ya kusagwa.

Somo hili nililipata kwa hasara. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona makabati ya makasha ambamo wafugaji waliweka chatu wadogo wa Afrika Magharibi. Niliporudi nyumbani nikatengeneza la kwangu huko Tukuyu, mji ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe. Mbao nilizipima vizuri, lakini joto sikulipima. Mwezi Julai nyoka wangu alimtapika panya siku ya tatu baada ya kumla, na wiki iliyofuata akafa. Kabati lilikuwa zuri; aliyelitengeneza ndiye aliyesahau kwamba anajenga hali ya hewa, si fanicha.

Ujenzi

Kabati hili halina milango. Ni rafu zilizopangwa juu kwa juu, na katika kila rafu huingia kasha la plastiki lisilo na kifuniko. Ubao wa rafu ya juu ndio unaokuwa kifuniko cha kasha la chini. Kwa hiyo siri yote imo katika mwanya ulio kati ya ukingo wa kasha na ubao: usizidi milimita 2 kwa nyoka mwembamba. Palipo na nafasi ya kupitisha kichwa, mwili nao hupita.

Nunua makasha kwanza, ndipo ukate mbao. Tuseme kasha lina kimo cha sentimita 15, upana wa 40 na urefu wa 80. Nafasi kati ya rafu na rafu itakuwa sentimita 15.2. Ukitumia plaiwudi ya sentimita 1.8, kabati la makasha manne litahitaji mbao tano za kulala. Yaani 4 × 15.2 kujumlisha 5 × 1.8, sawa na sentimita 69.8. Upana wa ndani uwe sentimita 42, ili hewa ipite kila upande wa kasha. Toboa kwa keekee matundu ya milimita 3 katika mbavu za kasha, na upige msasa kingo zake zisimchubue nyoka. Mbele ya kila kasha weka kipande cha ubao chenye komeo, kwani nyoka akisukuma usiku kucha plastiki huweza kupinda.

Mvua za Rungwe ni nyingi, na mbao hunywa unyevu zikavimba. Zikaushwe vyema na kupakwa vanishi, kisha kabati likae wazi siku nyingi hadi harufu iishe kabisa. Ndani ya kasha tandika magazeti, weka chombo kizito cha maji na mahali pa kujificha. Matandiko yakilowa yabadilishwe mara moja, maana unyevu wa kudumu huleta vidonda vya ngozi.

Joto na kipimo chake

Waya wa umeme wa kupasha joto hupitishwa nyuma ya rafu, chini ya theluthi moja tu ya kasha. Hivyo upande mmja hufikia karibu nyuzi 30 za Selsiasi na mwingine hubaki karibu 24, naye nyoka hujichagulia. Waya usiwashwe kamwe bila themostati, yaani kifaa cha kukata umeme joto likifikia kiwango. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, rafu ya juu huwa na joto zaidi. Kipokea joto cha themostati kiwekwe huko, kisha kila kasha lipimwe kwa kipimajoto kwa muda wa wiki nzima kabla nyoka hajaingia.

Umeme ukikatika, funika kabati kwa blanketi na uweke chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwa kitambaa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani: gesi yake huua nyoka na mfugaji pia. Wala usimlishe nyoka mpaka joto lirejee.

Mipaka ya kabati hili

Kabati hili lafaa nyoka wa ardhini asiye na sumu, na ambaye urefu wake hauzidi wa kasha, ili aweze kujinyoosha. Halifai nyoka wa mitini. Halifai kabisa nyoka mwenye sumu, kwa sababu anayevuta kasha huweka vidole vyake karibu na kichwa asichokiona. Katika misitu ya Rungwe yumo nyoka wa jamii ya vipiri, Atheris rungweensis, aliyeelezwa kisayansi na Charles Bogert mwaka 1940. Huishi vichakani na mitini, ana sumu, na hakuna dawa maalumu iliyotengenezwa dhidi ya sumu yake. Huyo aachwe msituni.

Mwalimu atakayefuata vipimo hivi atawapa wanafunzi wake nafasi adimu: kumtazama nyoka kwa utulivu, bila fimbo mkononi. Lakini akumbuke kwamba mnyama aliyefungiwa hawezi tena kulitafuta jua. Kazi hiyo sasa ni ya aliyemfungia.