Miguu Mitatu Chini ya Usambara: Tripodi ya Mpima Ardhi Mkumbara

Mkumbara, kijiji cha wilaya ya Korogwe kilichoko kati ya Mombo na Mkomazi, kimekaa mahali ambapo tambarare ya bonde inakoma ghafla na milima ya Usambara Magharibi inaanza kupanda kama ukuta. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na katika zama hizohizo za utawala wa Wajerumani kampuni ya Wilkins & Wiese ilijengewa na kiwanda cha Bleichert njia ya kamba za chuma zilizopita angani, yenye urefu wa takriban kilomita 9, ili kuteremsha mbao za mwerezi wa Afrika kutoka misitu ya Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Nguzo za njia ya namna hiyo, inayoshuka zaidi ya mita elfu moja, haziwezi kusimikwa kwa kukadiria kwa macho. Kila moja hutanguliwa na mpima ardhi aliyesimamisha chombo chake mtelemkoni juu ya tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, akalenga juu na chini mpaka mstari ukanyooka.

Leo upimaji unaowagusa zaidi wakazi wa Korogwe na Handeni ni ule wa mipaka ya vijiji na mashamba, ambao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 unahusiana moja kwa moja na hatimiliki ya kimila, na ndiyo maana tripodi inastahili heshima ambayo mara nyingi hutolewa kwa chombo kilicho juu yake peke yake. Teodolaiti, yaani chombo cha kupimia pembe, ikikaa milimita 1 tu pembeni ya alama ya bikoni na kulenga sehemu iliyo umbali wa mita 50, kosa la pembe laweza kufika sekunde 4, sekunde moja ikiwa ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Kosa hilo likirithiwa na mstari unaofuata wenye urefu wa mita 500, ncha ya mstari huo itakuwa imesogea kwa sentimita 1, na mistari ikizidi kuunganishwa makosa ya vituo mbalimbali yanaweza kurundikana. Kwa hiyo viwanja vidogo, ambavyo watu hudhani ni kazi nyepesi kwa kuwa umbali wake ni mfupi, ndivyo vinavyodai uangalifu mkubwa zaidi wa kusimamisha chombo.

Usimamishaji wenyewe huanza kwa kutanua miguu kiasi cha kutosha, bapa la juu likiwa karibu usawa wa kifua na likiwa limelala sambamba na upeo wa macho, huku timazi, ile pima inayoning'inia kwenye uzi, ikielekea katikati ya alama. Kwenye mtelemko kama wa nyuma ya Mkumbara, miguu miwili huwekwa upande wa chini na mmoja upande wa juu, kwa kuwa mpangilio wa kinyume hukifanya chombo kiwe rahisi kupinduka. Kila mguu hukanyagwa kwa kufuata mwelekeo wa mguu wenyewe, si wima kwenda chini, mpaka ncha yake ya chuma izame katika udongo imara. Katika udongo wa mfinyanzi uliolowa mvua ncha huendelea kuzama polepole hata baada ya kukanyagwa, kwa hiyo mpima hulazimika kurudi kwenye timazi na pimamaji kila baada ya muda, wala asiamini usawa alioupata asubuhi. Juu ya zege laini la stesheni, ambako ncha hazina pa kushika, miguu hufungwa kwa mnyororo ili isitanuke. Pembeni mwa barabara kuu ya kuelekea Arusha, malori yakipita, heri kusubiri mtikisiko uishe ndipo kisomwe kipimo.

Jua la bondeni ni adui asiyeonekana. Mguu wa alumini wenye urefu wa mita 1.5 ukipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.35, na kwa kuwa ule ulio kivulini haurefuki vivyo hivyo, chombo huinama bila mtu kukigusa. Mbao hubadilika kidogo mno kwa joto, na hiyo ni sababu nzuri ya wapima wengi kuzipendelea licha ya uzito wake. Hata hivyo mwavuli juu ya chombo na miguu yake ni wa lazima kwa aina zote mbili.

Utunzaji hauna siri, bali unadai kufanywa kila jioni. Matope husafishwa kwenye ncha na kwenye sehemu zinazoteleza, kisha tripodi huachwa ikauke wazi kabla ya kufungwa mfukoni, kwa maana mbao zikifungiwa unyevu huvimba na miguu hukwama. Sehemu za mbao zinazoteleza hazipakwi mafuta, ambayo hushika vumbi na mchanga, bali nta kidogo. Rangi iliyobanduka hupakwa upya, na tripodi huhifadhiwa mbali na sakafu ya udongo, ambako mchwa huifikia kwa urahisi. Bawaba za juu hujaribiwa kwa kuinua tripodi iliyotanuliwa: miguu ikibaki mahali pake, skrubu zimekazwa vya kutosha, ikianguka kuelekea katikati, hukazwa kabla ya kazi ya siku inayofuata.