Usitundike kabati la jikoni kwenye jasi tupu

WENGI wetu tuliorejea Kampala baada ya miaka ya ugenini tumekuta nyumba zimebadilika. Ukuta wa tofali za kuchoma na plasta ya saruji bado upo, hasa nje, lakini ndani ya baadhi ya fleti mpya za Najjera, Kyanja na Kira vyumba vimegawanywa kwa bodi za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu. Ukishapakwa rangi, mgeni hawezi kuutofautisha ukuta huo na wa tofali mpaka aubishe kwa kidole. Taabu huanza pale mwenye nyumba anapotaka kutundika makabati ya jikoni.

Katika jengo ninaloishi, kabati moja la juu lilidondoka usiku likiwa na vyombo vyote, likatua juu ya jiko la gesi. Lingeanguka saa kumi na mbili asubuhi, watoto wa nyumba ile wangekuwa chini yake wakinywa chai kabla ya shule. Nilipokwenda kutazama, ukutani palibaki matundu manne na vumbi jeupe. Plagi za plastiki zilikuwa bado zimeng'ang'ania skrubu zake. Zilichomoka nazo.

Vumbi lile mwalimu yeyote analijua, maana chaki nyingi za ubaoni hutengenezwa kwa jasi hiyo hiyo. Bodi ni jasi iliyobanwa katikati ya karatasi mbili ngumu, na ile ya ukutani kwa kawaida ina unene wa milimita 12 hivi. Imewekwa kufunika fremu. Haikuwekwa kubeba mzigo.

Sasa tupige hesabu. Kabati la MDF ya milimita 18, lenye upana wa sentimita 80, kimo cha 70 na kina cha 30, lina zaidi ya kilo 20 kabla hujaweka hata kijiko. Ongeza sahani, sufuria, sukari na mfuko wa unga wa posho, na kufika kilo 60 si jambo la ajabu. Hayo ni madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa maji. Tena mzigo huo haushuki chini tu. Uko mbele ya ukuta, kwa hiyo unaivuta sehemu ya juu ya kabati itoke nje. Ndiyo sababu skrubu za juu hutangulia kung'oka, na mara nyingi kabati huonya kwanza: mwanya mwembamba hutokea kati ya ukuta na ukingo wake wa juu. Ukiuona mwanya huo, toa vyombo siku hiyo hiyo.

Mimi nilisomea Kenya, tulikokimbilia miaka ya 1980, na nyumba tuliyopanga Nakuru ilikuwa ya mbao. Hakuna aliyepigilia rafu kwenye ubao wa ukuta. Ulitafuta nguzo kwanza. Ukuta wa jasi nao una nguzo, ila ni za chuma chembamba na zimefichwa, kwa kawaida kila baada ya sentimita 40 au 60. Chukua sumaku ndogo uipitishe ukutani taratibu. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizoshika bodi, na ukivipata kadhaa vilivyopangana kuelekea juu, hapo pana nguzo.

Hata hivyo, chuma hicho ni chembamba sana, mara nyingi nusu milimita tu, na skrubu moja moja hazitoshi kwa kabati zito. Dawa bora ni kuweka mbao au plaiwudi ya milimita 18 kati ya nguzo, na kuifunga kwenye nguzo hizo kabla bodi haijafunika fremu, mahali ambapo kichwa na kitako cha kabati vitakaa. Vipande hivyo hupatikana Ndeeba, na ni kazi ya saa chache. Kama ukuta umeshafungwa, funga ubao mrefu juu ya bodi, ushike nguzo kadhaa, kisha kabati lifungwe kwenye ubao huo. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni kuteremsha mbao za ubavuni mpaka zisimame juu ya kabati la chini, ili uzito uende sakafuni na skrubu zibaki kuzuia lisiinamie mbele. Kabla ya kutoboa zima umeme, maana nyaya hupanda na kushuka nyuma ya bodi karibu na soketi na swichi.

Fundi atakupiga ngumi ukuta mbele yako na kusema, “Mwalimu, hii itashika.” Muulize itashikwa na nini. Akikuonyesha mbao au nguzo, mwache afanye kazi. Akikuonyesha plagi za plastiki, mlipe nauli aende.

Kwa ndugu zetu wanaovusha bodi hizi Malaba na Busia, adui mkubwa ni maji. Bodi iliyolowa hulainika, karatasi hubanduka, na haiwi tena kama ilivyokuwa hata ikianikwa juani. Zifunikwe vizuri kwenye lori na zilazwe juu ya mbao zilizo sawa ghalani. Ile ya kijani hustahimili unyevu wa jikoni kuliko ya kawaida, lakini asidanganywe mtu kwamba rangi hiyo inabeba kabati.

Nawe unayejenga sasa, kabla fundi hajafunga bodi, nyoosha utepe wa kupimia kwenye fremu, upige picha kila ukuta wa jikoni, kisha uiweke picha pamoja na hati za nyumba. Mpangaji wa miaka kumi ijayo atajua mbao ziko wapi.