Haipakaa Si CC: Habari ya Hewa, Joto na Gramu 16 za Dhahabu

Kila likizo nikirudi Runzewe, vijana wa kijiweni wananiuliza swali lile lile kwa sababu wanajua nasoma uhandisi mitambo: "Msomi, hivi Bugatti ina CC ngapi?" Nikisema 8,000 wanashangilia. Safari iliyopita fundi mmoja wa magari makubwa akawakata kauli kwa kunyoosha kidole barabarani: "Scania ile pale ina kama 13,000. Sasa cha ajabu nini?"

Fundi ameuliza swali la maana kuliko wengi tunaokaa mstari wa mbele darasani. Lori linalopita hapa kwenda Nyakanazi na Rusumo lina injini ya lita 13 hivi, na linatoa nguvu za farasi 400 na ushee. Bugatti Chiron iliyotoka 2016 ina lita 8 tu na inatoa 1,500. Pikipiki ya boda ya CC 150 inatoa farasi kama 12. Ukigawanya kwa lita, lori linapata farasi thelathini na kitu, boda inapata 80, Chiron inakaribia 190. Kwa hiyo ukubwa wa injini hautuambii kitu. Tuulize hivi: katika kila lita ya nafasi, unachoma mafuta kiasi gani bila kuua injini?

Injini, ukiiangalia vizuri, ni pampu ya hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kuongeza petroli ni rahisi, unafungua tu. Hewa ndiyo shughuli. Na huku kwetu shughuli ni kubwa zaidi, maana Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na nyanda zetu ziko juu yake. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa asilimia kumi hivi kuliko ya Dar. Boda yako hapa inavuta pumzi pungufu, ndiyo maana ile ile uliyoiendesha Kigamboni inaonekana ina nguvu zaidi kule.

Tabo ndiyo dawa. Moshi unaotoka kwenye silinda ungepotea bure, lakini una joto na kasi, basi unapitishwa kwenye feni. Feni hiyo iko kwenye mhimili mmoja na feni nyingine inayosukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Lori la fundi wetu linayo. Tatizo la tabo ni kwamba inasubiri moshi: ukikanyaga ghafla, injini haijatoa moshi wa kutosha, tabo haijashika kasi, gari linajivuta kwanza. Tabo kubwa inasukuma hewa nyingi ila inachelewa, na ndogo inawahi lakini inaishiwa pumzi.

Hapo ndipo haipakaa zinapoanza kuonyesha akili. Chiron ina tabo nne. Mbili zinafanya kazi mwanzoni, zikipata moshi wote peke yao, na injini ikifika mizunguko 3,800 kwa dakika zinafunguliwa nyingine mbili. Mercedes-AMG One, ambayo injini yake imetokana na ya magari ya mashindano ya Formula 1, ina tabo moja tu, lakini kwenye mhimili wa tabo hiyo wamefunga mota ya umeme. Haisubiri moshi, inazungushwa na umeme tangu unapogusa pedeli, na moshi ukizidi mota ile ile inageuka jenereta. Injini ni ya lita 1.6, sawa na ya gari ndogo ya mtaani, na ikisaidiwa na mota zake gari zima linatoa farasi zaidi ya 1,000. Hiyo ndiyo naiita teknolojia ya mbele. Kuongeza silinda kila mwenye hela anaweza.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo watu hawalisemi kijiweni kwa sababu halina sifa.

Katika injini ya petroli, theluthi moja hivi ya nishati ya mafuta ndiyo inageuka kazi. Iliyobaki ni joto. Chiron ikitoa kilowati 1,103 za kazi, inatoa joto lisilopungua kilowati 2,000 kwa wakati huo huo. Chukua birika za umeme za kilowati 2, washa 1,000 kwa mpigo, ziweke nyuma ya kiti cha dereva. Ndiyo maana gari lina rejeta kumi, na pampu yake inazungusha lita 800 za maji kwa dakika. Ukiiona Bugatti ina matundu kila upande usidhani ni urembo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani, McLaren F1 ya miaka ya tisini. Aliyelisanifu ni Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, na yalitengenezwa 106 tu. Bodi yake ni ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na gundi ya namna hiyo haipendi joto. Injini ya BMW yenye silinda 12 imekaa humo humo. Suluhisho la Murray lilikuwa kupaka chumba cha injini karatasi nyembamba ya dhahabu, gramu 16 hivi, kwa sababu dhahabu inarudisha karibu mionzi yote ya joto inayoipiga. Gramu 16! Wachimbaji wetu wanaopima kwa gramu na pointi wanazijua vizuri. Nilipowaambia watu wa karashani kwamba kuna gari lenye dhahabu kwenye injini walidhani ni mapambo ya matajiri. Nilipoeleza kwamba ni ngao ya joto, mmoja akauliza kwa nini basi isipakwe kwenye bati la nyumba. Bado natafuta jibu linalozidi "bei".

Karashani penyewe utaona joto kwa macho: injini ya dizeli ya silinda moja, maji yanachemka wazi juu yake, mtu anaongeza kwa ndoo. Inafanya kazi siku nzima. Sina dharau nayo hata kidogo. Ninachogombana nacho ni tabia ya gereji ya kung'oa themostati gari likichemka. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ifike nyuzi 80 au 90. Ukiing'oa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, oili inabaki nzito, petroli isiyoungua inasafisha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Miezi kadhaa baadaye gari linatoa moshi wa bluu na mwenye nalo anaambiwa "injini imechoka". Injini ya Formula 1 haiwashwi kabla maji na oili yake havijapashwa moto kwa mashine, maana vyuma vyake vimekadiriwa kukaa pamoja vikiwa vya moto tu. Themostati mpya ni rahisi mno ukilinganisha na kufungua injini. Fundi wetu alinisikiliza, akasema wateja hawana hela ya themostati. Hela ya ringi wanaitoa wapi, sikumuuliza.

Kama unataka kuona mambo haya bila kupanda ndege, Naivasha si mbali. Magari ya Safari Rally kati ya 2022 na 2024 yalikuwa na injini ya lita 1.6 yenye tabo pamoja na mota ya kilowati 100, jumla farasi zaidi ya 500, na kule adui alikuwa vumbi laini kama unga, kiasi kwamba bomba la kuvuta hewa lilipandishwa juu karibu na paa. Dereva yeyote wa njia ya machimbo kiangazi analielewa hilo bila mhadhara.

Kuna watakaosema injini zote hizi zimeshapitwa. Rimac Nevera ya Kroatia haina hata pistoni, ina mota nne na farasi 1,914. Ni kweli, lakini betri nayo inachemka, nayo ina maji yake na pampu zake. Na betri hiyo ina nikeli. Nikeli iko Kabanga, Ngara, ambako serikali ina hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, na mpango uliotangazwa ni kuisafishia Kahama, palipokuwa mgodi wa Buzwagi. Barabara ya kutoka Ngara kwenda Kahama inapita Runzewe. Nimeshamwambia fundi ajiandae, malori yatakuwa mengi, na mengi yatakuwa na tabo.